Upande wa Mama kwenye Sinia

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Mpendwa dada Chiku,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini joto la Muscat limeanza kupungua, na yule bibi kizee unayemhudumia sasa anakuacha ulale. Mgongo unaendeleaje? Ulisema umepata nafuu, lakini nakujua, wewe hata ukivunjika mguu utasema umejikwaa. Sisi huku ni wazima kwa kiasi cha kuweza kusimama. Mimi nina kikohozi cha vumbi la mitumba ambacho kimeshakuwa mpangaji wa kudumu. Baba Amira yuko safarini na lori, mara ya mwisho alipiga akiwa Tunduma, anasema foleni ya mpakani haisogei.

Nyumba ya Mama bado imesimama. Jirani wa kushoto amebomoa ya kwao na anapandisha ghorofa, kwa hiyo kutwa ni nyundo na saruji, na nguo tunaanikia ndani. Hyasinta, yule mpangaji wetu wa kutoka Songea, bado anakaanga maandazi na vitumbua pale mlangoni. Anakusalimu na anauliza utarudi lini.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati tunaongea kila Ijumaa. Nimejirekodi sauti mara tatu nikafuta zote. Simu yangu inazunguka nyumba nzima na Amira ana masikio makali. Halafu kwenye simu wewe hudakia katikati, dada, usikatae, na haya ninahitaji niyamalize. Kwa hiyo nimempa Khalfani, mtoto wa mzee Mwinyimvua, anasafiri kuja huko Alhamisi. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa umekaa, ufike mwisho, ndipo ukasirike.

Nimechoka. Naona nianze na hilo ili usishangae mwandiko. Alfajiri niko soko la Mchikichini kugombania nguo belo la mitumba likifunguliwa, jioni niko jikoni, na katikati ya hayo kuna jambo la mtoto ambalo limenila mwaka mzima.

Mtoto mwenyewe ni Amira. Wewe unamwona kwenye simu, lakini simu inaonyesha uso, na uso wake haujabadilika sana. Hata mimi ninayelala naye chumba kimoja sikuona. Nguo ndizo zilizoniambia. Unajua kazi yangu ni nguo za watoto, na kila belo namtengea yeye gauni moja. Mwezi wa pili nikajikuta nimeshika gauni la mtoto wa miaka kumi na minne. Nilikuwa nimelichukua bila kufikiri, kwa kuwa mkono ulishajua ndilo litakalomwenea. Nikakaa juu ya furushi nikaliangalia. Amira ana miaka tisa.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Severine akaniita shuleni. Akaniambia Amira akimaliza uji wake anapita kwa wenzake waliobakiza, anamalizia na vikombe vyao. Hawanyang'anyi. Ila mtoto mwingine akitaka kumwaga uji, Amira analia mpaka apewe aunywe. Watoto wamempa jina, wanamwita Pipa. Mwalimu anasema na yeye hucheka pamoja nao, kisha anakunywa na kurudi darasani.

Basi nikafanya ninayoyajua. Nikaweka kufuli kwenye kabati la chakula. Nikamkataza Hyasinta asimpe hata nusu ya kitumbua. Asubuhi maji ya moto na ndimu, jioni kuruka kamba uani mbele ya wapangaji wote, mimi nahesabu. Kila Jumamosi nikampeleka kwenye mizani ya duka la dawa, na yule kijana wa dukani akawa anataja kilo kwa sauti utadhani anauza viazi. Amira alipanda na kushuka. Kilo zikaongezeka.

Kuna siku nilifagia chini ya kitanda nikakuta mfuko wake wa chuo cha Kurani una chapati tatu zimeota ukungu. Nilimchapa, dada. Nilimchapa kwa kandambili, mimi ambaye sijawahi kumnyanyulia mkono. Hakulia. Alisema tu, "Samahani Mama, nilishindwa kuzimaliza." Nikaona ananifanyia jeuri, nikamwongeza moja. Maneno yale nimeyaelewa miezi minne baadaye, na bado yananiamsha.

Na lile sinia. Unalikumbuka, sinia dogo la bati lenye maua mekundu, alilokuwa akilia chakula Mama. Tangu msiba wa Mama, Amira alikataa sahani, akataka hilo peke yake. Alikuwa anakula upande wake wote, kisha analigeuza taratibu na kula upande wa pili mpaka maua yaonekane. Nilikusimulia Ijumaa moja tukacheka sote wawili. Mimi niliita uroho.

Ramadhani nayo ikapita na vituko vyake. Kila nilipofunga, mtoto alikuwa hana raha, ananifuatafuata hadi sokoni. Mchana mmoja akaniletea kitumbua amekificha kwenye kiganja, kimeshapondeka, akaninong'oneza, "Kula kidogo tu Mama, sitamwambia mtu." Nilimfokea mbele ya wateja, nikamwambia anataka kunitia dhambini. Aliondoka na kitumbua chake. Kufika pembeni nikamwona anakila.

Aliyenifungua macho ni Hyasinta. Anauza chakula miaka kumi na moja na amewaona walaji wa kila aina. Akaniambia, "Mama Amira, huyu mtoto mi namcheki kila siku, hali kwa njaa wala kwa utamu. Mtu akipenda chakula unamwona usoni. Huyu anakula kama katumwa. Mpeleke kwa wale wanaoongeaga na watoto."

Nikampeleka, mwezi wa sita, kliniki moja ya Upanga. Dereva wa bajaji akatutania kwamba mtoto akae katikati tusije tukapinduka, na Amira akacheka kile kicheko chake cha shuleni. Hapo ndipo nilipokisikia kwa mara ya kwanza kwa masikio yangu, na sikukipenda. Daktari alipima damu na sukari, alhamdulillah, hakuona ugonjwa. Akatupitisha chumba cha pili kwa binti mmoja anaitwa Nasreen, mshauri wa saikolojia ya watoto.

Nilitegemea anipe orodha ya vyakula. Nasreen akaniambia nikifika nyumbani nitoe kufuli. Nilitamani kuinuka niondoke, nilikuwa nimefunga biashara siku nzima kwa ajili ya kuambiwa nifungue kabati. Lakini miguu ilikuwa imechoka na kiti chao kilikuwa kizuri, nikaendelea kukaa. Akasema mtoto aliyefungiwa chakula hukiwaza kutwa nzima, na anayefokewa kwa kula hujifunza kula akijificha. Akasema tule kwa saa zinazojulikana, tumekaa, simu ziko mbali, apakuliwe kidogo na akitaka aongezewe. Asisifiwe kwa kumaliza wala asilaumiwe kwa kubakiza. Mizani tuachie kliniki. Majina ya mwili yafe yote, hata yale ya mapenzi. Na haya si ya Amira peke yake, ni ya nyumba nzima, pamoja na mama mtu anayekula amesimama mlangoni huku anahesabu nguo. Sijui aliniona wapi.

Akatupa na daftari. Kabla ya kila mlo Amira apake rangi kiduara kimoja. Kijani ana njaa, njano hana njaa ila anatamani, nyekundu kuna kitu kinamsumbua moyoni. Basi, hakuna kuandika alichokula.

Sitakudanganya kwamba tumefuata yote. Kuna jioni nimerudi hoi tukala chipsi mayai za mtaa wa pili, kila mtu na mfuko wake, na daftari likabaki kabatini. Kuna siku nimesahau nikasema "maliza basi nioshe vyombo." Ila jioni nyingi tunatembea hadi viwanja vya Mnazi Mmoja na kurudi, mimi na yeye, si kwa adhabu, na njiani ananieleza mambo ya darasani ambayo sikuwahi kuyasikia. Kilo hazijashuka za kukusimulia. Nasreen anasema hazijapanda tangu mwezi wa sita huku mtoto anarefuka, na kwa sasa hilo anaridhika nalo. Mimi nilikuwa nimeshachoka kiasi kwamba na mimi nikaridhika.

Tuliporudi kliniki wiki ya nne, Nasreen akafungua daftari. Asubuhi kijani, mchana njano na kijani, na mlo wa usiku ulikuwa mwekundu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hata siku za pilau. Akamuuliza pole pole nini kinamsumbua saa hizo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika mkoba. Amira akasema, "Naogopa kuacha." Nasreen akamuuliza akiacha inakuwaje. Akajibu kama mtoto anayejibu swali la darasani, "Mtu anakufa."

Dada, unakumbuka Mama alipoanza kukataa chakula. Ulikuwa kwenye simu kila siku, na ni wewe uliyesema tumweke Amira kwenye sinia lake, kwa kuwa Mama hakuwahi katika maisha yake kumwacha mtoto ale peke yake. Silaumu. Lilikuwa wazo zuri na lilifanya kazi. Amira akitia tonge, na Mama anatia tonge. Ukampa jina, Dawa ya Bibi, na wote tukalichukua. Miezi saba mtoto wa miaka minane alikula mchana na usiku, ana njaa hana njaa, sisi tumemzunguka tunasema kula Amira, ukila wewe na Bibi anakula. Hakuna aliyemuuliza kama ameshiba.

Siku ile ya mwisho ya kula, watoto wa mtaa walikuwa wanaruka kamba nje. Akasema, "Leo sitaki, kila siku mimi tu," akakimbia. Nikakaa mimi na sinia. Mama akageuza uso ukutani. Alfajiri ya pili akatutoka.

Ulipopiga simu matangani ulikuwa unalia, ukaniuliza Mama alikula nini mara ya mwisho. Nikakujibu, "Hakula, dada. Amira alikataa kula naye siku ile." Nilisema hivyo, kavu, kama mtu anayeeleza kwa nini umeme umekatika. Sikuwa namlaumu. Sikuwa nafikiri chochote, nilikuwa sijalala siku tatu. Amira alikuwa amekaa mkekani nyuma ya mgongo wangu. Amebeba hayo maneno karibu mwaka mzima, na amekula upande wa Mama karibu mwaka mzima.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa.

Wiki moja kabla Mama hajafa, nilipompeleka hospitali, daktari alinitoa nje kwenye korido. Akaniambia figo zimekwisha na hakuna cha kufanya tena. Akasema chakula hakitabadilisha kitu, mwili wake haukihitaji, akikataa tusimlazimishe, tumloweshe midomo kwa maji na tukae naye. Niliitikia nikasema asante. Nikarudi naye nyumbani nikapika wali wa nazi, nikapakua kwenye sinia, nikamwita Amira.

Sikumwambia mtu, hata baba Amira. Sikuweza kukaa karibu na Mama mikono mitupu, dada. Na wewe kila jioni ulikuwa unauliza, "Mama amekula?" na nilitaka niwe na cha kukujibu. Nilijisemea nakulinda, uko mbali, mkataba wako bado, utafanyaje. Ukweli ni kwamba sikutaka kusikia kilio chako wakati nina cha kwangu. Ningekwambia siku ile, huenda ungewaomba hao mabosi zako wakuachie siku kumi, huenda ungemkuta akiwa anakutambua. Sijui. Hilo nimekunyima, na halirudi. Ukitaka kunikasirikia, kasirikia hilo, maana hili la Amira nimeshajikasirikia mwenyewe vya kutosha kwa watu wawili.

Nasreen alisema mtoto anahitaji kuusikia ukweli huu kwa maneno mepesi, na kutoka kwangu. Nilichelewa karibu miezi miwili. Nilikuwa nasema nitamwambia nikipumzika, na mimi sipumziki. Mwishowe Ijumaa iliyopita, tulipokuwa uani tunaosha vyombo, nilimwambia. Nilimwambia Bibi alikuwa anakufa kwa ugonjwa, na daktari alishasema hivyo, na mimi nilijua na nikaendelea kumwita yeye aje ale. Nikamwambia nimekosa. Alikuwa amelishika lile sinia, anasugua mahali palepale muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo hata ningekula?" Nikamwambia hata angekula sinia zima na sufuria juu yake. Aliendelea kusugua mpaka nikamchukulia.

Naomba unisaidie, dada. Ukipiga simu, usimuulize kama amekula. Najua hiyo ndiyo salamu yetu na mdomo umezoea, na mimi pia inaniponyoka. Muulize ameota nini, muulize habari za Mnazi Mmoja. Lile jina la Dawa ya Bibi tuliache lizikwe na Mama. Halua usiache kuleta, nani atakusamehe, ila isiandikwe jina lake juu ya boksi, iandikwe ya nyumba nzima, na Hyasinta awemo. Na siku moja utakapokuwa na nguvu, mwambie kwa mdomo wako kwamba si yeye. Kwangu mimi amesikia, lakini wewe ndiye uliyeuliza siku ile kwenye simu, na nadhani anasubiri jibu lako.

Hiyo siku isiwe mbali sana, kwa sababu ya lililotokea juzi Jumamosi. Nilipika wali, mchicha na samaki vibua wa kukaanga. Alikubali sahani, yeye mwenyewe akaitoa kabatini. Alipaka kijani. Akala vizuri, kisha akasimamisha mkono, na pembeni ya sahani kukabaki wali kama tonge mbili. Hakuugusa. Akaniangalia. Akaniangalia kifuani, dada, kama sisi tulivyokuwa tunamwangalia Mama, kuona kama napumua. Nikaendelea kula, nikajitahidi nipumue kama kawaida, na nikakohoa kidogo, nikamwona ameshtuka. Nikamwambia ni vumbi tu. Tukakaa hivyo mpaka nikanyanyuka nikaondoa sahani yangu na yake, nikaenda nazo jikoni, nikarudi.

Aliponiona narudi akapumua yeye. Halafu akauliza, "Na Mama mkubwa anajua kwamba hata ningekula?"

Nikamwambia anajua.

Sasa unajua, dada.

Mjomba Abubakary anakusalimu, na Hyasinta, na baba Amira atakapotoka huko mpakani. Amira amekuchorea picha akaikunja, nimeifunga ndani ya bahasha, sikuifungua. Nisalimie na shoga yako Fatuma, mwambie kitenge chake nimekipata. Mwenyezi Mungu amrehemu Mama, akulinde huko ugenini, na akupe moyo wa kunisamehe, kwa muda wowote utakaokuchukua.

Mdogo wako akupendaye, na ambaye leo anakuogopa kidogo,

Mwanamkuu